KUISAWIRI SURA YA MTUME
Jawabu kwa Mwalimu wa Chuo cha Katesh

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba, Mwenye kutia sura viumbe vyake apendavyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja asomeshaye Qur-ani karibu na Katesh, chini ya mlima Hanang. Twaiweka hapa kwa ufupi, kwani aliyoyauliza si ya kwake peke yake.

Asema: "Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa Wairaqw na Wabarabaig. Wengine wazee wao wamesilimu juzi, na wengine wazee wao hawajasilimu bado. Asubuhi huenda skuli pamoja na watoto wa Kikristo, huona picha za Nabii Isa na mama yake vitabuni na makanisani. Wakija chuoni jioni huniuliza: Mwalimu, na Mtume wetu alikuwaje? Mbona sisi hatuna picha yake? Mmoja amenionyesha katika simu picha ya kijana mzuri wa uso, aliyefunga kilemba, akasema ameambiwa ndiye Mtume alipokuwa mdogo. Na sasa amekuja kijana wa huku huku ajuaye kuchora. Amesoma ya kuwa Waislamu wa zamani wa Tabriz na Herat na Istanbul walimchora Mtume kwa rangi na dhahabu, na ya kuwa sanaa ile inafufuliwa leo. Chuo chetu kilijengwa upya baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, na ukuta wake ungali mweupe. Kijana ataka kutuchorea khabari za Mtume ukutani, bila ya ujira. Je, yafaa?"

Ndugu zetu wa pwani wasidhani kuwa hii ni khabari ya bara isiyowahusu. Wafanya biashara wapelekao mapambo ya ukutani minadani Mbulu na Katesh ni watu wetu, na simu iliyo mkononi mwa mtoto wa Hanang ndiyo iliyo mkononi mwa mtoto wa Tanga na Mombasa. Tena mtu wa bara akisilimu hututazama sisi. Tukimjibu vibaya, dhambi yake ni yetu.

MLANGO WA KWANZA: KHABARI ZA PICHA HIZO

Yatupasa tuseme kweli kwanza, kwani mwenye kukanusha jambo lililokuwako hupoteza imani ya wasikiao. Picha hizo ziko. Rashid-ud-Din, waziri wa wafalme wa Kimongoli waliotawala Uajemi, alitunga kitabu kikubwa cha tarikh kiitwacho Jami-u-Tawarikh. Sehemu ya nakala yake, iliyoandikwa Tabriz yapata mwaka 714 wa Hijra (1314), imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mna picha ya Mtume (S.A.W.) akiliinua Jiwe Jeusi, na ya kujiwa na Jibrili, na uso wake umechorwa wazi. Yapata mwaka 1436 kilitengenezwa Herat kitabu cha Miraji, ambacho leo kiko Paris. Na Sultani Murad wa Tatu wa Istanbul aliamrisha kuandikwa na kuchorwa Sira ya Mtume kwa Kituruki, vitabu 6, vikamalizika mwaka 1595 baada ya kufa kwake. Katika hivyo mna picha zaidi ya 800, na uso wa Mtume umefunikwa kitambaa cheupe, na kichwani pake pana miali ya nuru.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kubwa. Karatasi ilipakwa wanga au ute wa yai, ikisha kukauka ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikang'ara. Buluu ilitoka katika jiwe la lazuwardi la milima ya Badakhshan, na wekundu katika zinjifuri. Dhahabu ilifuliwa ikawa nyembamba, kisha ikasagwa ikachanganywa na gundi. Kalamu ya kupakia rangi ilikuwa ya malaika ya mnyama, ncha yake kama unywele.

Ni kweli pia kwamba sanaa hii imefufuliwa. Uturuki alikuwako tabibu Süheyl Ünver (1898 hata 1986), aliyewasomesha vijana nakshi na picha za vitabu baada ya kazi hiyo kukaribia kufa. Uajemi alikuwako Mahmoud Farshchian, aliyefariki mwaka 2025. Na mwaka 2020 UNESCO iliiandika sanaa hii kuwa ni urithi wa Azerbaijan, Uajemi, Uturuki na Uzbekistani.

Lakini ndugu msomaji, shika neno hili moja, utalihitaji mbele. Picha hizo zilikuwa ndani ya vitabu vya wafalme, hufunguliwa na wachache na kufungwa. Hazikuwekwa misikitini, wala hazikutundikwa mbele ya watoto wasomao.

MLANGO WA PILI: HUKUMU YAKE

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, aliyoyahakikisha Imam Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277) katika sherehe yake ya Sahih Muslim ni haya: kuchora kilicho na roho, mtu au mnyama, ni haramu kali, ni katika madhambi makubwa, sawasawa ikiwa nguoni au ukutani au chomboni, chenye kivuli na kisicho na kivuli. Na kuchora mti na visivyo na roho si haramu. Ama kuiweka picha iliyokwisha kufanywa, ikiwa imetundikwa ukutani ni haramu, na ikiwa kwenye busati linalokanyagwa au mto unaoegemewa si haramu.

Dalili yake ni hadithi zilizo sahihi. Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha. Mtume alipoliona uso wake ulibadilika, akabainisha adhabu ya wafanyao picha. Pazia likakatwa, likafanywa mito. Na mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamweleza kuwa chumo lake ni picha. Ibn Abbas akamhadithia aliyoyasikia kwa Mtume, ya kuwa msawiri atatakiwa atie roho katika alichokichora, wala hataweza. Yule mtu akasawajika uso. Ibn Abbas akamwonea huruma, akamwonyesha mlango mwingine: kama hana budi na kazi yake, achore miti na kila kisicho na roho.

Ikiwa hii ndiyo hukumu ya picha ya mtu yeyote, basi picha ya Mtume ina uzito zaidi. Khabari ya fotografia ina maneno yake kwa wanavyuoni wa zama hizi, wala siyo tuliyoulizwa.

MLANGO WA TATU: SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni kujifananisha na kuumba kwa Mwenyezi Mungu, na hii yaonekana katika hadithi tulizokwisha kuzitaja.

Ya pili ni kufunga njia ya shirki. Wadd na Suwaa na Yaghuth na Yauq na Nasr, waliotajwa katika Suratu Nuh, ameeleza Ibn Abbas kuwa walikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, watu wao waliwasimamishia masanamu mahali walipokuwa wakikaa, ili wawakumbuke tu, wala hawakuyaabudu. Kilipokufa kizazi kile na elimu ikaondoka, ndipo yalipoabudiwa. Na mabibi Ummu Habiba na Ummu Salama walimpa Mtume khabari ya kanisa waliloliona Habasha, lenye picha ndani yake. Akawaeleza ya kuwa watu wale, akifa kwao mtu mwema, hujenga msikiti juu ya kaburi lake na kuzitia picha hizo, akawalaumu kwa hayo.

Na mwalimu wa Katesh hana haja ya kwenda Habasha kuutazama mfano. Ashuke kwa njia ya Babati kuelekea Kondoa mpaka Kolo. Huko kuna michoro ya miambani ya watu na wanyama, mingi yake kwa rangi nyekundu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2006. Waliochora wametoweka, wala hapana ajuaye kwa yakini walikusudia nini. Walakini pango la Mungomi wa Kolo lingali likiendewa kwa matambiko. Elimu imekwenda na picha imebaki, na watu wameiendea kwa haja zao. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa kaumu ya Nuhu.

Sababu ya tatu ndiyo inayokhusu Mitume zaidi, nayo ni uwongo. Mtume alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra alikuta ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail, mikononi mwao wametiwa mishale ya kupigia ramli. Akaamrisha ziondolewe, na akabainisha kwamba wawili wale hawakupiga ramli hata mara moja. Tazama, ndugu yangu: waliochora waliwapenda Ibrahim na Ismail, wakawavika ada zao wenyewe. Ndivyo afanyavyo kila msawiri. Wachoraji wa Tabriz, waliokuwa chini ya Wamongoli, walichora nyuso za Kimongoli. Wa Istanbul walimvisha Mtume mavazi ya Kituruki. Akichora kijana wa Hanang, atatoka mtu wa Hanang. Yupi katika hawa ndiye Muhammad bin Abdillah? Hapana hata mmoja.

Ama ile picha ya kijana mwenye kilemba iliyo katika simu, asili yake imejulikana. Picha za namna hiyo zilienea Uajemi mwishoni mwa karne ya 20, na ikasemwa kuwa asili yake ilichorwa na mtawa Bahira. Kisha wachunguzi wakagundua ya kuwa imenakiliwa katika fotografia aliyoipiga Rudolf Lehnert, Mzungu aliyekuwa akipiga picha za kuuzia watalii huko Tunis, mwanzoni mwa karne hiyo. Ni sura ya kijana wa Tunis, amechomeka ua la yasmini sikioni. Watu wakaiweka majumbani mwao na kuiheshimu, wakidhani wamemwona Mtume wao! Na leo zimetokea mashine zichorazo uso wowote kwa kuamrishwa maneno mawili, na uwongo utazidi.

Na Mtume ametuonya onyo kubwa, lililopokewa kwa njia nyingi mno, ya kuwa mwenye kumzulia uwongo kwa kusudi ajiwekee makazi motoni. Mwenye kusema "Mtume alisema" naye hakusema amemzulia. Basi mwenye kusema "huu ndio uso wake" naye hakuuona, atasalimika vipi? Tena imethibiti kwamba Shetani hawezi kujifananisha na Mtume katika ndoto. Sura aliyozuiliwa Shetani kuiiga, Muislamu ataibuni kwa mkono wake?

MLANGO WA NNE: SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Akisema mtu: Waislamu waliotutangulia waliyafanya, nanyi ni nani wa kuwakosoa? Tutamjibu: matendo ya wafalme na watumishi wao si dalili katika sharia. Dalili ni Qur-ani, na Hadithi, na Ijmai, na Kiyasi. Na hatusemi ya kuwa walikufuru, Mungu atuepushe na hayo. Wako katika wanavyuoni wa Kimaliki walioona kuwa picha isiyo na kivuli ni makuruhu tu, na khitilafu hiyo yatutosha tusiwatie watu motoni kwa ndimi zetu. Lakini khitilafu hiyo ni ya picha kwa jumla. Kumsawiri Mtume ni jambo jingine, kwa ile sababu ya tatu.

Akisema: Waturuki walimfunika uso, basi uwongo umeondoka. Tutamjibu: aliyefunika uso alikuwa na haya, na haya ni kheri. Walakini haya ile yenyewe ni ushahidi juu yake, kwani kwa nini aufunike kama alijua ni halali kuuchora? Tena kimo na mkono na mavazi vimebaki, navyo vimebuniwa.

Akisema: Azraqi amepokea katika tarikh ya Makka ya kuwa Mtume aliiachilia picha ya Isa na mama yake ndani ya Al-Kaaba. Tutamjibu: riwaya hiyo haina nguvu ya kusimama mbele ya zilizopokewa na Bukhari na Muslim, wala wanavyuoni wetu hawakuijengea hukumu.

Akisema: watoto hufahamu kwa macho, na Bibi Aisha alikuwa na wanasesere. Tutamjibu: ndiyo, na kwa hivyo wanavyuoni wametoa rukhsa ya wanasesere kwa watoto. Lakini mwanasesere huchezewa, akatupwa chini, akasahauliwa. Mtume wa ukutani hatachezewa. Atatukuzwa, na huko ndiko tunakokuogopa. Ama kufahamu, mwaka 1926 mchezaji Yusuf Wahbi wa Misri alitaka kuigiza sura ya Mtume katika filamu, Azhar ikakataa, akaacha. Miaka 50 baadaye, mwaka 1976, Moustapha Akkad alitoa filamu ya khabari za Mtume bila ya kumwonyesha wala kuisikizisha sauti yake, na waliotazama wakaifahamu kisa. Hatukitaji kitendo hicho kwa kukisifu, kwani wengi katika wanavyuoni waliikataa filamu hiyo nayo, bali kubainisha ya kuwa khabari yaweza kufahamika pasipo sura.

MLANGO WA TANO: KINACHOPASA KUFUFULIWA

Mwalimu akimwambia yule kijana "haramu" kisha akanyamaza, amefanya nusu ya kazi. Ibn Abbas hakumfukuza mchoraji, alimwonyesha miti. Nasi tunayo ya kumwonyesha zaidi ya miti.

Kwanza ni nakshi za kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na waandishi walionakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa wino mweusi na mwekundu na wa manjano, mashada na mafundo yanayozunguka aya, pasipo uso wa mtu wala wa mnyama. Kizimkazi ya Unguja iko kibla iliyoandikwa kwa khati ya Kikufi mwaka 500 wa Hijra (1107), na yasomeka hata leo. Ziko milango yetu ya kuchonga, na zidaka za chokaa za nyumba za Lamu. Yule kijana akiipenda kazi ya zamani ya kusugua karatasi na kusaga rangi, na aifufue kwa haya. Na wamama wa Kiiraqw waliodarizi nguo za ngozi kwa ushanga kwa mistari na miduara, wametangulia kumfundisha ya kuwa uzuri hauhitaji uso.

Pili ni sifa za Mtume kwa maneno. Masahaba walimwona, wakatupa wasifu wake, na Imam Tirmidhi akaukusanya katika kitabu chake cha Shamail. Walieleza ya kuwa hakuwa mrefu wa kupita kiasi wala mfupi. Weupe wake ulichanganyika na wekundu. Macho yake meusi, ndevu nyingi, mabega mapana. Akitembea huenda kwa nguvu kama ateremkaye mahali pa juu. Na kati ya mabega yake pana khatamu ya utume. Na Sayyidna Ali ameeleza kwamba aliyemwona ghafla alimhofu, na aliyemzoea alimpenda. Ni mchoraji gani awezaye kuyatia haya mawili katika uso mmoja?

Kwa maneno hayo Hafiz Osman wa Istanbul (1642 hata 1698) aliandika ubao uitwao Hilya: juu Bismillahi, katikati duara la wasifu wa Mtume, penye pembe nne majina ya makhalifa wanne, chini yake aya na maneno yaliyosalia, na pambizoni nakshi za dhahabu. Waturuki wakaitundika majumbani mahali ambapo wengine hutundika picha. Hii ndiyo picha ya Mtume wetu: husomwa, wala haiabudiwi.

Na sisi watu wa pwani tumeyajua hayo tangu zamani kwa masikio yetu. Tusomapo Maulidi ya Barzanji, na Hamziya aliyoitia Kiswahili Sayyid Aidarus, huwa tunamsawiri Mtume kwa ulimi. Mtoto wa Lamu hulala na sura ya Mtume moyoni, wala hakupata kuiona ukutani.

MLANGO WA SITA: NASAHA KWA WALIMU

Nami sina budi kutaja kosa langu, kwani nasaha isiyo na ukweli haifai. Nilipokuwa kijana katika kazi hii ya chuo, mtoto mmoja wa watu wa bara alichora juu ya ubao wake mtu amepanda ngamia, na mitende mbele yake. Nilipomwuliza, alisema kwa furaha: "Ndiye Mtume, anaingia Madina." Niliuchukua ubao nikauvunja mbele ya wenziwe. Mtoto akatoka, wala hakurudi chuoni kwangu tena hata leo. Hukumu niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi, lakini nilimpoteza mtoto aliyempenda Mtume kwa kiasi cha kutaka kumwona. Bibi Aisha alitundika pazia, Mtume akaghadhibika, kisha akafundisha, na nguo ikafaa kwa mito. Ningalimwambia yule mtoto: "Futa mtu na ngamia, uache mitende na njia, kisha njoo nikusomee Mtume alikuwaje," angalikuwa leo labda ni mwalimu.

Tena mwalimu asizitukane picha za jirani zake Wakristo mbele ya watoto. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul An'am, aya ya 108, tusiwatukane waombwao na wengine, wasije nao wakamtukana Yeye kwa ujinga. Na wengi wa watoto hawa wakirudi nyumbani hukaa na ndugu na mama walio katika dini hiyo. Mtoto aambiwe hivi: "Sisi tunamwamini Isa na twamheshimu, wala hatumchori, kama tusivyomchora Muhammad." Akijua kuwa hukumu ni moja kwa Mitume wote, hataona ya kuwa Mtume wake amenyimwa kitu.

MUHTASARI

1. Kumchora Mtume na Mitume wengine ni haramu, uso ukiwa wazi au umefunikwa.
2. Kuwako kwa picha za zamani ni tarikh, si dalili. Wala walioyafanya hawakufurishwi.
3. Picha ya kijana iliyo katika simu si ya Mtume, na isienezwe.
4. Nakshi, khati, miti, ramani ya njia ya Hijra, sura ya Al-Kaaba na ya pango la Thaur ni halali, na ni vyema kusomeshea.
5. Wasifu wa Mtume usomwe kwa Kiswahili kila juma, mpaka watoto wauhifadhi.

Basi, ewe mwalimu wa Katesh, usimfukuze kijana wako. Mpe ukuta wote. Mwambie aandike katikati yake Hilya kwa Kiswahili, herufi zake kubwa mtoto wa mwanzo apate kuzisoma, na pembeni atie nakshi za Siyu, na akipenda mlima Hanang chini yake. Na nyinyi ndugu zetu wa pwani, badala ya kupeleka mnadani mapambo msiyojua asili yake, pelekeni misahafu, na kalamu za matete, na mtu mmoja ajuaye khati akae nao mwezi mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe uso wa Mtume wetu kesho penye Haudhi, sisi na watoto wa Hanang na yule aliyetoka chuoni kwangu asirudi. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi ttawfiq.